Hiyo Si Kampuni, Hiyo Ni Shoki: Stori ya Saa ya Guka

Wacha nianze na aibu yangu ndio tumalizane nayo mapema.

Siku barua ya chuo ilipofika, guka alivua saa yake mbele ya familia nzima, akanifunga mkononi. Hakutoa hotuba. Alisema tu, "Itie ufunguo kila asubuhi, na usioge nayo." Guka aliendesha lori miaka ishirini na saba, Mombasa hadi Malaba na kurudi, na safari zote hizo saa ilikuwa kwenye mkono wa kushoto, ule wa gia. Mimi nilikaa nayo chuoni miaka miwili kasoro. Kisha nikaacha shule. Hiyo ni stori ya siku nyingine, na tafadhali msinijazie maswali hapo chini.

Siku ya kubeba vitu vyangu kutoka hosteli, mkanda wa saa ulikatika. Saa ikaanguka ngazi nne, simiti tupu. Nilipoiokota ilikuwa imesimama saa nne na dakika ishirini. Nikaiweka ndani ya soksi, soksi ndani ya droo, na kwa miaka miwili kila guka aliponiuliza saa iko wapi nilimjibu, "Iko salama guka, nimeiweka vizuri." Si mnaona? Sikudanganya. Soksi ni mahali pazuri.

Mbaya zaidi, mwaka jana niliipiga picha nikaipost hapa hapa, nikaandika kwa mbwembwe kwamba ni "Incabloc, kampuni ya Uswisi, miaka ya sitini", kwa sababu ndilo neno lililobaki kwenye uso wake. Jina lingine la juu lilishafutika kitambo. Likes zikamiminika. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniambia nimekosea, wala aliyegundua kwamba saa yenyewe ilikuwa maiti. Kwa hivyo hii post ni ya kurekebisha ile.

Mwezi uliopita nilijikaza nikaipeleka kwa fundi, mzee mmoja River Road, meza yake imebanwa chini ya ngazi za jengo na si kubwa kuliko sinia la pilau. Akavaa lenzi jichoni, akafungua kifuniko cha nyuma, akanyamaza muda mrefu hivi. Mimi nikajifanya mtaalamu: "Mzee, hiyo ni Incabloc ya ukweli." Hakuinua kichwa.

"Kijana, hiyo si kampuni. Hiyo ni shoki."

"Shoki?"

"Shoki. Kama ya gari."

Nikarudi nyumbani nikasoma usiku kucha. Na kumbe historia ya saa ambayo sisi wote tumelishwa, ya nani alitengeneza saa sahihi zaidi, ya nani alienda nayo baharini au mwezini, imeruka swali ambalo mtu wa kawaida kama guka alikuwa nalo kila siku. Je, ikianguka?

Nieleze kwanza ugonjwa wenyewe. Ukifungua saa ya ufunguo, kitu cha kwanza jicho linakiona ni gurudumu linaloenda huku na huku, kama mtoto anayekataa uji kwa kichwa. Ndiyo balansi, moyo wa saa. Kwenye saa ya guka inapiga mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara 432,000 kwa siku. Gurudumu hilo linabebwa na mhimili wa chuma, na mhimili unaishia kwa ncha mbili, moja juu moja chini. Upana wa ncha ni karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Ng'oa unywele mmoja kichwani uutazame: tuko hapo hapo.

Kwa nini iwe nyembamba hivyo? Msuguano. Ncha ikiwa nene, msuguano unakula nguvu kidogo iliyopo na saa inaanza kupotea. Zamani ncha hizo zilizunguka ndani ya matundu ya shaba, na shaba ililika. Mwaka wa 1704 huko London, mwanahisabati Mswisi Nicolas Fatio de Duillier na ndugu wawili mafundi wa saa, Peter na Jacob Debaufre, wakapata hataza ya kutumia vito vilivyotobolewa badala ya shaba. Hapo ndipo lile neno Jewels kwenye uso wa saa linatoka. Ya guka ina 17. Na kabla hujakimbia kuning'oa mkono: tangu Auguste Verneuil wa Ufaransa alipotangaza mwaka wa 1902 njia yake ya kutengeneza rubi kwa moto, vito vya saa ni vya kiwandani. Haviwezi kukununulia hata shamba la mita mbili.

Sasa ona mtego. Rubi ni ngumu sana. Chuma cha ncha nacho kimekazwa kwa moto kiwe kigumu, kisilike. Kitu kigumu juu ya kitu kigumu: kwa kuzunguka ni raha, kwa kuanguka ni balaa, kwa sababu chuma kilichokazwa kikizidiwa hukatika kama penseli, na rubi hupasuka. Ukilainisha chuma, kitapinda na kulika. Ukinenepesha ncha, saa itapotea. Huku kwetu ukitaka kumsifu msee unamwita mgumu. Kwenye saa ugumu ndio uliokuwa shida. Hakuna chuma cha kigeni wala kito cha kifalme ambacho kingemaliza hili kwa kuongezwa ugumu tu.

Nguvu yenyewe ni ya kiasi gani? Nilifanya hesabu, na niliacha chuo, kwa hivyo kama mimi naweza na wewe unaweza. Achilia saa kutoka urefu wa mita 1. Ikigusa sakafu ina kasi ya mita 4.43 kwa sekunde, karibu kilomita 16 kwa saa. Tuseme simiti inaisimamisha ndani ya milimita 1. Mwendo ilioukusanya kwa milimita 1,000 inaupoteza kwa milimita 1, kwa hivyo kila kipande ndani kinahisi uzito wake ukizidishwa mara 1,000 hivi. Balansi ambayo ukiiweka kwenye kidole huisikii, ghafla imekuwa nzito mara elfu, na yote imekalia ncha ya upana wa unywele.

Kuna ile stori ya Omega Speedmaster kwenda mwezini, kila chaneli ya saa imeisimulia hadi tumeshiba. NASA waliipitisha mwaka wa 1965 baada ya majaribio makali, na jaribio la mshtuko lilikuwa g 40, mara sita, kila mara upande tofauti. Arobaini. Jikoni kwenu kuna elfu. Sawa, nisiwe mkora: mshtuko wa NASA ulidumu milisekunde 11, mrefu kuliko wa sakafu, kwa hivyo hizo namba mbili si ndugu wa tumbo moja. Lakini sasa unaelewa kwa nini ngazi nne za hosteli hazikuwa jambo dogo.

Mtu wa kwanza aliyepata njia inayofanya kazi alikuwa fundi wa matajiri, na ndiyo maana ilichukua muda mrefu kutufikia. Abraham-Louis Breguet alizaliwa Neuchâtel mwaka wa 1747, akafungua karakana Paris mwaka wa 1775, akawauzia saa watu wa ikulu, baadaye hata Napoleon. Karibu mwaka wa 1790 alibuni kitu alichokiita pare-chute, yaani kinga ya kuanguka. Alichonga ncha ya mhimili iwe na umbo la koni, akachimba kito kiwe na kibonde kinacholingana na koni hiyo, kisha akakiweka kito hicho juu ya ulimi mwembamba wa springi. Saa ikipigwa, ncha inakisukuma kito, kito kinasogea, springi inakirudisha. Wengine wote walifunga kila kitu kikaze. Yeye alikiacha kilegee kidogo, kwa makusudi.

Inasimuliwa kwamba akiwa nyumbani kwa Talleyrand, mwanasiasa mjanja kuliko wote wa enzi hiyo, Breguet aliitupa saa sakafuni mbele ya wageni, akaiokota, ikawa bado inatembea. Kama ni kweli, basi huyu ndiye content creator wa kwanza wa saa duniani. Kama si kweli, bado ni tangazo kali.

Ila tusimfanye malaika. Pare-chute ilitengenezwa kwa mkono, moja moja, kwa bei ya watu wenye majumba. Tena ilisaidia hasa pigo la kutoka juu au chini. Pigo la ubavuni lilikuwa hadithi nyingine. Wateja wake wenyewe walikuwa na matatizo makubwa kuliko saa kuanguka. Ile saa maarufu aliyoagiziwa mwaka wa 1783 kwa ajili ya malkia Marie Antoinette ilimalizika mwaka wa 1827. Malkia alikuwa ameshakatwa kichwa mwaka wa 1793, na Breguet mwenyewe alifariki mwaka wa 1823. (Iliibwa kwenye jumba la makumbusho Jerusalem mwaka wa 1983, ikapatikana 2007. Netflix wamelala.)

Baada ya hapo ni zaidi ya miaka mia moja ambayo saa nyingi ziliendelea kutengenezwa bila kinga yoyote, na sababu ni rahisi: saa ilikaa mfukoni. Mfuko wa kizibao, kitambaa laini, mnyororo umefungwa kwenye kifungo. Mwenye saa alikuwa mtu wa kukaa kwenye kiti. Mfuko ndio uliokuwa shoki yake.

Kilichobadilisha mambo ni vita. Kati ya 1914 na 1918, wanajeshi kwenye mahandaki ya Ulaya walihitaji kujua saa huku mikono yote miwili ikiwa kazini. Mashambulizi yalipangwa kwa dakika, na huwezi kutambaa kwenye matope huku unapapasa kifuko cha kizibao. Saa ikahamia mkononi. Kabla ya hapo wanaume wengi waliiona saa ya mkononi kuwa pambo la wanawake. Waliporudi kutoka vitani hakuna aliyewacheka tena. Kufikia miaka ya 1930 saa ya mkononi ilikuwa imeipiku ile ya mfukoni.

Lakini fikiria mkono ni mahali pa aina gani. Mkono ndio unaopiga nyundo, unaofungua geti, unaodaka mpira. Ni mkono wa makanga anayegonga bodi ya mat ili dere asonge. Binadamu alichukua mashine dhaifu kuliko zote alizowahi kumiliki, akaifunga kwenye kiungo kinachogongwa kuliko vyote. Matokeo unaweza kuyakisia. Mhimili wa balansi kukatika ukawa ugonjwa wa kawaida kabisa kwenye meza za mafundi. Fundi alipaswa kuuchomoa, na kama hakuwa na mwingine wa kulingana nao, akereze mpya kwa mashine yake ndogo, chuma chembamba kama unywele, kwa jicho na mkono. Mzee wangu wa River Road ananiambia aliyemfundisha kazi alikuwa na mashine kama hiyo na aliipenda kuliko redio. Yeye mwenyewe hakuwahi kuimiliki. Hakuihitaji sana, na sababu ndiyo hiyo Incabloc niliyoidharau.

Kulikuwa na majaribio kadhaa ya kutibu ugonjwa huu. Ninalolipenda ni la Wyler, mwaka wa 1927: badala ya kuhangaika na vito, waliipa balansi mikono iliyopindwa, ili gurudumu lenyewe linepe likipigwa. Mwaka wa 1956 wakaangusha saa zao mbili kutoka juu ya mnara wa Eiffel, na zikaendelea kutembea. Ujanja ule ule wa Breguet na Talleyrand, safari hii mbele ya wapiga picha.

Iliyoshinda ni nyingine. Mwaka wa 1934, kule La Chaux-de-Fonds, mji wa Uswisi unaoishi kwa saa, wahandisi wawili, Georges Braunschweig na Fritz Marti, wakiwa katika kampuni iliyoitwa Universal Escapements, walibuni Incabloc. Hapa naomba utulie nami kidogo, kwa sababu ndipo penye utamu.

Kila ncha ya balansi inahitaji vito viwili: kimoja chenye tundu, ncha inapita ndani yake, na kingine kisicho na tundu, kinakaa juu kama kifuniko ili ncha ikiguse. Incabloc iliweka vyote viwili ndani ya kikombe kidogo cha chuma. Kikombe hicho hakikufungwa. Kimekaa ndani ya shimo lenye kuta za mteremko, kama sufuria ndogo iliyokaa ndani ya kubwa, na juu yake kimeshikiliwa na springi moja tu. Springi hiyo ina umbo la kinubi, na ukishaiona huwezi kuikosa tena. Kama umewahi kuona nyatiti ikichezwa, basi umeona binamu yake mkubwa: mikono miwili inayotoka chini kwenda juu. Tofauti ni kwamba hii ni ndogo kuliko punje ya mchele.

Saa ikianguka, balansi inasukumwa na kuisukuma ncha. Ncha inasukuma vito. Vito, badala ya kugoma, vinapanda ule mteremko pamoja na kikombe chao, kwenda juu au ubavuni, popote pigo linapowapeleka. Vinasogea kidogo tu, kwa sababu baada ya hapo sehemu nene ya mhimili, ile yenye misuli, inagonga ukuta wa chuma, na huo ukuta ndio unaobeba balaa yote. Ncha nyembamba imeshatolewa kwenye hesabu. Kisha kinubi kinabonyeza kila kitu kiteremke.

Na hapo kwenye kuteremka ndipo pana akili. Kusogea ni rahisi. Hata mlango mbovu husogea. Balansi ikirudi milimita kidogo sana kando ya pale ilipokuwa, saa itatembea lakini itapoteza muda, na hutajua kwa nini. Ule mteremko unahakikisha kikombe kinarudi katikati kabisa, kila mara, pigo liwe lilitoka upande gani. Dondosha shilingi kumi ndani ya bakuli la mviringo utaona: huwezi kuizuia isiende katikati. Breguet alikuwa ameisogeza ncha ikaepuka pigo. Hawa wawili waliirudisha nyumbani.

Jambo la pili waliloshinda nalo ni biashara. Incabloc haikuuzwa kama saa, iliuzwa kama kipande. Uswisi ya wakati huo ilikuwa na viwanda vingi vilivyonunua sehemu kutoka kwa wengine na kuziunganisha, kwa hivyo kipande kimoja kizuri kingeweza kuingia kwenye saa za majina mengi sana, ghali na rahisi. Wauzaji wakaona wateja wanakiulizia, wakaliandika jina lake kwenye uso wa saa. Ndiyo maana kuna nyumba nyingi duniani, na si ya guka tu, ambapo watu wanaamini mzee wao alikuwa na saa ya kampuni ya Incabloc. Kinga ambayo miaka mia moja na arobaini nyuma ilikuwa ya marafiki wa Talleyrand ikafika kwa dereva wa lori.

Wengine wakafuata haraka. KIF kule kule Uswisi, Diashock ya Seiko Japani, na mwaka wa 1956 Parashock ya Citizen, ambao nao waliangusha saa kutoka kwenye helikopta hadharani. Wenye saa wote, tangu mapinduzi ya Ufaransa hadi Japani baada ya vita, ukiwapa kinga mpya jambo la kwanza wanatafuta mahali parefu. Siwalaumu.

Kama wewe ni wa kubishana mtandaoni kuhusu saa gani "haivunjiki", soma kiwango kinachoitwa ISO 1413. Saa inapigwa na nyundo ya kilo 3 inayokuja kwa kasi ya mita 4.43 kwa sekunde. Ndiyo, ile ile namba yetu ya mita 1. Inapigwa mara moja ubavuni, upande wa saa tatu usiku kwa maana ya namba tisa, na mara moja usoni. Kisha wanaangalia kama mwendo wake umebadilika kwa zaidi ya sekunde 60 kwa siku. Hayo tu. Hakuna mahali wanasema haitavunjika. Wanasema inahimili. Yule jamaa wa mtaani anayekuuzia "shockproof original" kwa mia tano anakuahidi zaidi ya Waswisi wenyewe.

Siwezi kumaliza bila kumtaja Kikuo Ibe, ingawa saa yake ni ya betri na wapenzi wa saa za ufunguo watanikunjia uso. Ibe alikuwa mhandisi wa Casio. Baba yake alimpa saa, akaiangusha, ikavunjika. Unaelewa kwa nini nilisoma sehemu hii mara tatu. Mwaka wa 1981 akaanza kutafuta saa itakayovumilia kuanguka mita 10, kina cha maji cha bari 10, na betri ya miaka 10. Alikuwa akitupa mifano yake kutoka dirisha la choo cha ghorofa ya tatu kazini, na alivunja zaidi ya 200. Mwanzoni aliongeza mpira, na mpira, na mpira, hadi kitu kikawa kama embe. Hakikusaidia. Jibu alilipata kwenye bustani, akimtazama mtoto akidundisha mpira: katikati ya mpira hakuna kinachoumia. Akauacha moyo wa saa uelee ndani ya ganda, ukiguswa sehemu chache tu. G-Shock ya kwanza ikatoka Aprili 1983. Kwa macho yangu, hiyo ni pare-chute ya Breguet iliyovaa koti la plastiki, ingawa sidhani kama Ibe alimhitaji Breguet ili kuifikia.

Turudi River Road.

Nilipoenda siku ya pili, mzee alikuwa ameivua balansi. Akanivalisha lenzi yake, akanionyesha kwa kibano. Ncha zote mbili zilikuwa zima. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa habari mbaya, yaani nilikuwa hadi nimepanga uso. Kilichotokea kwenye zile ngazi ni kwamba pigo lilikuwa kali hadi kinubi cha juu kikachomoka kwenye mlango wake, na kile kito cha kifuniko kikaruka. Bila kifuniko, balansi ikalala ubavu na kusimama. Basi. Kito chenyewe hakikupotea. Kilikuwa bado ndani ya saa, kimenata kwenye mafuta makavu kando ya gurudumu lingine. Kwa miaka miwili ndani ya soksi, kitu pekee kilichohitajika kilikuwa pale pale.

"Mwili ulikuwa mzima," mzee akasema. "Ilikuwa inangoja kufunguliwa tu."

Akaisafisha yote, akaitia mafuta, akarudisha kito, akabonyeza kinubi kwa ncha ya sindano. Nilikuwa namtazama mkono: hautetemeki, na jamaa ana zaidi ya miaka sabini. Balansi ikaanza kwenda kabla hajaitia ufunguo vizuri. Alinitoza elfu mbili na mia tano, na mkanda mpya mia tatu. Nikamuuliza kama saa hizi bado zinamletea kazi. Akasema siku hizi watu huja kubadilisha betri, na wanaoleta za ufunguo karibu wote ni vijana kama mimi wanaoleta za wazee wao, na karibu wote wanaanza kwa kusema uongo kuhusu jinsi ilivyosimama.

Jumamosi iliyofuata nikapanda mat hadi nyumbani. Nilikuwa nimejipangia hotuba. Guka alikuwa nje kwenye kiti chake, nikamsalimia, nikaivua saa nikamwekea mkononi, nikamwambia yote kwa mkupuo: ngazi, soksi, droo, hata ile post. Hakusema kitu. Aliiweka sikioni akafunga macho, kama anavyofanya akisikiliza habari za saa moja.

Kisha akaniuliza inapoteza dakika ngapi kwa siku.

"Kama mbili hivi, guka."

"Mbili tu?" Akaitazama tena, akaigeuza. "Mimi niliiangusha Mtito Andei, chini ya lori, na ikabaki inapoteza nne mpaka siku niliyokupa. Huyo fundi yako anakaa wapi?"